Kuzunguka kwa miguu: yale koperative moja ya Ubwari ilijionea



Karibu kila koperative ninayoitembelea huku Fizi na Baraka inanipokea namna moja. Kamati inanionyesha kaye ya wanachama, kisanduku cha MUSO, halafu tunaenda kwa shamba la pamoja. Shamba la pamoja kila mara liko kando ya barabara. Limepaliwa, mistari imenyooka, kibao cha mfadhili kimesimama kwenye kona. Ninasifu, maana kazi imefanyika. Halafu nauliza: maji ya kisima chenu yanatoka wapi? Wananyoosha kidole kwa mlima. Nani analima huko juu? Mmoja anataja jina, wa pili anakataa, anasema huyo alihama siku nyingi. Na msitu ule ni wa nani? Hapo ni kimya, ao watu watatu wanatoa majibu matatu.

Si uvivu. Kila mtu ana njia yake: nyumbani hadi shambani, shambani hadi ziwani ao sokoni, na anarudia ileile. Mtu anaweza kulima miaka 30 bila kuona shamba lililo nyuma ya kilima chake.

Kwa hiyo safari hii nataka kuwaeleza kazi isiyo na bei: kuzunguka. Wanachama wanatoka kijijini kwa njia moja, wanapita mashamba, msitu, vijiji vya jirani, wanarudi kwa njia nyingine. Chuoni tulifundishwa jambo linalofanana na hili kwa jina la transekti. Lakini transekti ya vitabu ni mstari: unapanda kutoka ziwani hadi mlimani, unaandika udongo na mimea, basi. Mimi napenda duara. Kwa mstari unarudi kwa njia uliyoijia, unapiga habari, macho yamelala. Kwa duara kila hatua ni mpya, na tena duara linakupeleka kwa jirani, ambaye mstari haumfikii.

Ubwari una hadithi yake juu ya hilo. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipita hapa kwa mitumbwi wakitoka Ujiji kwenda Uvira. Burton akafikiri kwamba Ubwari ni kisiwa. Kila mtoto wa kwetu anajua unaweza kutoka Ubwari hadi Fizi bila kulowesha mguu, maana rasi imeshikana na nchi kavu upande wa kusini. Lakini yeye aliitazama kutoka majini, hakuizunguka. Na mambo ya wakubwa ndiyo hayo: ghuba ambayo hakufika mwisho wake, leo kwa ramani inaitwa Ghuba ya Burton.

Swali lililotutoa nyumbani

Koperative ninayoieleza iko Ubwari, upande wa ghuba. Jina la kijiji sitalitaja, na wenyewe waliniomba hivyo: mambo ya mipaka yakiandikwa kwa gazeti yanaweza kuwasha moto ambao gazeti haliwezi kuuzima.

Walikuwa na shida moja iliyogawa wanachama. Ziwa lilipopanda mwaka 2020 na 2021, na tena 2024, mashamba ya mpunga ya ufuoni yalizama. Familia nne zilibaki bila shamba. Hizo familia zikaomba msitu mdogo ulio juu ya mgongo wa kilima ukatwe, wapande muhogo na mahindi. Wanachama wengine walisema ni haki yao, watu watakula nini? Wengine walisema hapana, ule ni msitu wa wazee. Mkutano wa kwanza uliisha kwa makelele. Wa pili watu hawakuja.

Niliitwa nije kutoa uamuzi kama agronomu. Agronomu hana uamuzi juu ya udongo wa watu. Niliuliza tu: nani kati yenu amefika kwenye huo msitu mwaka huu? Mikono minne, kati ya watu thelathini na kitu. Basi tukapanga siku, mwanzo wa mwezi wa sita, mvua imekwisha na majani hayajachomwa.

Tulitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu 17: wamama 8, wababa 6, vijana 3. Shefu wa kijiji alikuwa amepewa habari siku tatu mbele, na alimtuma kapita wake atembee nasi. Hilo si heshima tu. Kwa nchi yetu hii, kundi linaloonekana likipanda mlima asubuhi bila kutoa taarifa linaweza kuleta hofu, na hofu inaweza kuleta risasi.

Tulianzia ufuoni. Maji yalikuwa yamerudi nyuma kidogo, yameacha matope meusi na matete. Mama mmoja akaonyesha vigingi viwili vimesimama ndani ya maji, hatua kama 40 kutoka tulipokanyaga. "Hapa palikuwaka mpunga wetu. Tulivunaka mifuko. Sasa ni samaki ndio wanavuna." Watu wakacheka, naye akacheka, lakini kidogo.

Swali la kila mtu lilikuwa: ziwa litarudi lini? Tanganyika inapokea mito mingi, lakini ina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie. Maji mengi zaidi yanaondoka kwa jua, yanakuwa mvuke. Ndiyo maana mvua zikizidi miaka miwili mitatu mfululizo, maji hayana pa kukimbilia, yanapanda, na kushuka kwake kunachukua miaka, si miezi. Wazee wanakumbuka miaka ya 1960, ilikuwa vilevile. Kwa hiyo mtu asipange kilimo chake kwa kusubiri. Pale matete yamekwisha kuota, hesabu kwamba kwa sasa ni pa ziwa.

Lakini kati ya matete na mahali maji yalipofika juu kabisa, tuliona kipande kirefu cha udongo mzuri, wenye unyevu, ambacho hakuna aliyekigusa tangu maji yashuke. Kila mtu alikuwa anakitazama kama kaburi la mpunga. Lengalenga, nyanya, vitunguu vya kiangazi vingekubali hapo, mazao ya muda mfupi ambayo yanavunwa kabla ziwa halijapanda tena. Katibu akaandika.

Kisha michikichi. Hapa sitakawia. Ni mizee, mirefu kupita kiasi, kijana anapanda na mkanda roho mkononi kwa ajili ya mkungu mmoja mwembamba, na karibu yote ni ile aina ya zamani yenye kokwa nene na nyama kidogo. Maoni yangu mnayajua: anayepanda leo atafute tenera, aache mita 9 kati ya mti na mti, miche 143 kwa hektari, na asidanganywe na mbegu ya kuokota chini ya mti wa tenera, maana watoto wake hawatoki wote kama mama.

Muhogo uliopendeza

Juu ya michikichi unaanza muhogo, na hapo tulikaa zaidi ya saa moja. Shamba la kwanza lilikuwa na majani yaliyojikunja, yenye mabaka ya manjano: mozaiki, kila mtu anaijua. Shamba la pili lilipendeza. Majani mapana, mashina manene. Mwenyewe, mzee wa makamo, alikuwa pamoja nasi na alitembea kifua mbele. Nikaomba tung'oe shina moja. Akakubali kwa moyo mzuri. Kwa nje mizizi ilikuwa mikubwa, isipokuwa mmoja uliokuwa na mikunjo kama umefungwa kamba. Tukaikata kwa panga. Ndani kulikuwa madoa ya kahawia, makavu, kama kizibo cha chupa. Mzizi wa pili, vilevile. Mzee akanyamaza. Mama mmoja akasema polepole: "Ile unga yetu ya uchungu ya mwaka jana, kumbe ni hii."

Huo ndio ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Wengi wanasema tu kuoza kwa ndani. Virusi vyake vinabebwa na nzi weupe wadogo wanaokaa chini ya jani, lakini anayevipeleka mbali ni mtu, kwa mbegu tunazopeana. Hakuna dawa ya kupuliza. Anayekuuzia dawa ya ugonjwa huu anakuuzia maji. Na unajificha. Mozaiki unaiona kwa majani machanga ya juu, lakini huu unaonyesha manjano hafifu kwa majani ya chini, yale ya zamani, yanafuata mishipa, na mwenye haraka anafikiri ni uzee wa jani. Hata aina za muhogo zilizoletwa kwa kushinda mozaiki, si zote zinazoshinda kuoza. Kwa hiyo mtu asichague mbegu kwa uzuri wa shina peke yake. Ang'oe mashina machache, akate kila mzizi, aone ndani ni kweupe, ndipo akate mbegu: kwenye shina la miezi 8 hadi 18, sehemu ya katikati, urefu wa sentimita 20 hadi 25, macho 5 mpaka 7. Mizizi yenyewe si hasara, sehemu nzuri inaliwa. Sombe yake pia haina ubaya. Shida ni mti wake ukiingia kwa shamba jingine.

Tukaanza kuuliza: mbegu hii ilitoka wapi? Kwa mwanachama wa shamba la juu. Na yeye? Alinunua Baraka, sokoni. Nani mwingine alipewa? Tulihesabu papo hapo, kila mmoja akikumbuka, na tulipomaliza yalikuwa mashamba 6, mawili yake kwa kijiji cha jirani. Orodha kama hiyo mimi nimekwisha kuitafuta kwa mikutano ya ndani ya nyumba na sijaipata hata mara moja. Watu wanakumbuka wakiwa wamesimama juu ya udongo.

Mchanga unakuja na mvua

Mbele kidogo bonde linajikunja, na pale mama mwingine ana shamba la karanga. Robo yake ilikuwa imefunikwa na mchanga. Alisema kila mwaka unakuja na mvua. Mwaka wa kwanza aliutoa kwa basine. Mwaka wa pili maneno yalianza kijijini kwamba kuna mtu anamwonea wivu.

Tukaufuata ule mchanga. Uchawi huu ulikuwa na njia: mfereji mwembamba kama mkono, ukapanuka, ukafika kina cha goti, ukatupeleka mita kama mia mbili juu, kwa shamba la mahindi ambalo matuta yake yote yanaelekea chini, sawa na mabati ya nyumba. Mwenye shamba ni mwanachama. Anakaa mwisho wa pili wa kijiji na anapanda kwa njia ya upande mwingine wa kilima. Alikuwa nasi. Alisimama pale juu, akaangalia chini, na kwa mara ya kwanza akaona karanga za mwenzake ziko wima chini ya matuta yake.

"Mama, mimi sikujuaka kama kuko mtu huku chini."

"Na miye sikujuaka kama kuko mtu huko yulu, papa."

Watu hawa wawili wanaketi kwa mikutano ileile, wanaweka pesa kwa MUSO ileile. Mama alikuwa na hasira, na alikuwa na haki. Kapita alitaka kuanza kusikiliza kesi hapo hapo, lakini mwenye mahindi alisema afadhali aonyeshwe la kufanya kuliko kulipa kuku.

Tulikata vijiti vitatu. Viwili vya mita 2, sawasawa, vinafungwa juu. Cha tatu kinafungwa katikati kama mkono, vinafanya umbo la herufi A. Juu unaning'iniza kamba yenye jiwe. Unasimamisha chombo, unaweka alama pale kamba inapogusa kijiti cha katikati, unageuza miguu mahali palepale, unaweka alama ya pili. Nusu ya kati ya alama mbili ndiyo usawa. Ukitembeza chombo shambani na kamba ikabaki hapo katikati, mguu kwa mguu, umepata mstari ambao maji hayashuki wala hayapandi. Hapo unachimba mtaro mdogo, udongo unautupa upande wa juu, unapanda tripsakum ao setaria, na mbuzi wanakula. Rudia mstari mwingine kila mahali mteremko unaposhuka kimo cha kifua cha mtu. Vijana watatu walishika kazi kwa dakika kumi. Mimi sikuigusa tena. Matuta ya msimu ujao yatafuata mistari hiyo.

Msitu

Tulifika kwenye mgongo wa kilima saa nne na nusu. Ukisimama hapo, magharibi ni ghuba, na ng'ambo yake Baraka na milima ya Fizi. Mashariki ni ziwa wazi, na hewa ikiwa safi unaona milima ya Burundi, upande wa Nyanza-Lac. Kijana mmoja aliyezaliwa pale chini alisema hajawahi kupanda.

Wale waliosema ni msitu wa wazee walifikiri watakuta msitu. Wale waliosema ni ardhi iliyolala bure walifikiri watakuta ardhi. Hakuna aliyekuta alichotaka. Pembeni yote imekwisha kukatwa. Tulihesabu matanuru matano ya makala, na moja bado lilikuwa na joto. Hakuna aliyeuliza ni la nani. Vijana wawili waliangalia chini, na wazazi wao wakaangalia pengine, na nadhani ilitosha.

Tukachimba kwa jembe mahali palipokatwa zamani. Udongo mweusi ulikuwa upana wa vidole vinne, chini ni mawe na mchanga mwekundu. Hapo nyasi kali zimekwisha kuingia, zile ambazo zikichomwa zinarudi na nguvu zaidi. Ndani, chini ya miombo iliyobaki, weusi ulikuwa mara tatu yake. Niliwaambia familia za mpunga bila kuficha: mkikata hapa, mtavuna mara mbili, bahati ikiwapo mara tatu, halafu nyasi. Na udongo mtakaoulegeza utashuka ukaongezee mchanga wa yule mama wa karanga. Baba mmoja wa familia hizo alichukua ule udongo mwekundu, akausugua kati ya vidole, akautupa. Hakusema kitu.

Juu ya makala, jambo moja la hesabu. Tanuru letu la udongo, kilo 100 za kuni zinatoa kilo 10 hadi 20 za makala. Nyingine zote zimekuwa moshi. Kuni zikiwa mbichi, tanuru likijengwa haraka haraka usiku, ni chini zaidi. Kijana anaharibu mlima mzima na mfukoni hakuna kitu.

Mzee mmoja alitupitisha ndani akitaja miti, upi wa mizinga ya nyuki, upi wa dawa ya tumbo, wapi uyoga unatoka mvua ya kwanza. Kuna mvule mmoja mkubwa ambao haujaguswa, na sababu yake haikuelezwa mbele yangu. Sikuuliza.

Hapo ndipo swali la mwenye msitu lilirudi, na ni vizuri kila koperative ijue sheria inasemaje. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni wa Serikali. Lakini kuna dekre nambari 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014: jamii ya wenyeji inaweza kuomba konsesyo ya msitu inaoushika kwa mila, isiyopita hektari 50.000. Inatolewa bure, haina mwisho wa muda, na gavana wa jimbo ndiye anatia sahihi. Angalieni: anayeomba ni jamii, si koperative peke yake. Na kwa kuomba lazima kuwe na ramani ya mipaka. Mipaka hiyo haiwezi kuchorwa na mtu aliyeketi.

Mfano uko karibu. Akiba ya Itombwe, inayogusa hata teritori yetu ya Fizi, ilitangazwa mwaka 2006 kwa arete ya waziri, na wenyeji wengi walisikia baadaye kwamba vijiji vyao vimo ndani. Ilibidi miaka ya mazungumzo na kuchora upya pamoja na vijiji, mpaka gavana akaweka mipaka mipya mwaka 2016. Miaka kumi.

Kwa jirani

Tulishuka kwa bonde la pili, na hatukutembea muda tukakuta chemchemi. Maji yanatoka chini ya mawe, hatua chache tu kutoka mwisho wa msitu. Wamama wa kijiji cha jirani walikuwa wanachota, bido nyuma ya bido. Walishtuka kutuona. Walipojua tunatoka wapi, mmoja alisema: "Ni ninyi munakata huko yulu? Kiangazi cha mwaka jana maji yalikuwa kama mkojo wa mtoto." Wale waliokuwa wanazungumza juu ya msitu "wetu" walipunguza sauti.

Tulikaa na wazee wa pale chini ya mwembe. Walituletea maji na ndizi, na mazungumzo yalikuwa magumu kidogo, maana upande mmoja unasema mpaka ni mgongo wa kilima, upande mwingine unasema ni mti fulani ulioanguka zamani. Hawakupatana. Walipatana tu kwamba eneo la chemchemi, kuzunguka macho ya maji, hapatakatwa wala kulimwa na upande wowote, na kwamba vijana wa vijiji viwili watakata njia ya moto pamoja kabla ya mwezi wa saba. Kwa siku moja, naona ni nyingi. Walipewa pia habari ya yale mashamba mawili ya muhogo.

Kwa migomba yao nikaona jambo ambalo sikulifurahia: majani yananyauka na kuvunjika, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukikata shina linatoa usaha wa manjano. Ni mnyauko wa bakteria. Shina lenye ugonjwa likatwe chini kabisa, ua dume livunjwe kwa mti wenye pacha na si kwa chuma, na panga lipitishwe motoni ao lioshwe kwa jiki kabla ya kugusa mgomba mwingine. Wenzetu walikuwa wamebeba mapanga yao. Kabla ya kuondoka tuliyapitisha yote kwa moto wa mama mpishi mmoja.

Njia ya kurudi ilikuwa ufuoni, kwa wavuvi. Ndagala zimeanikwa kwenye mchanga, na nyuma yake samaki wakubwa wanakaushwa kwa moshi. Kuni zimepangwa kama ukuta, na mifuko ya makala inasubiri boti ya Baraka. Hapo mzunguko ulijifunga wenyewe: miti tuliyoona imekatwa juu, tuliikuta chini. Moshi wa samaki hautasimama, watu wanakula kwa huo. Kwa hiyo kuni zipandwe karibu na zinapochomwa, kwenye mteremko ule mkavu nyuma ya kambi ya wavuvi: senna na akasia zinakubali udongo wa namna hiyo, na senna baada ya miaka michache inakatwa na kuchipua tena. Mikalitusi pia, lakini mbali na chemchemi.

Tulifika saa nane. Kilomita kama 9, simu ya kijana ndiyo ilihesabu.

Ramani ya majivu

Siku iliyofuata walichora ramani chini, uwanjani: majivu kwa njia, mawe kwa mashamba, majani kwa msitu, kifuniko cha bido kwa chemchemi. Safari hii watu walikuja. Waliotembea ndio walioeleza, na yule mwenye matuta ya mahindi alieleza kuliko wote.

Waliamua msitu usikatwe. Pembeni palipoharibika hawatapanda miche: visiki vya miombo vinachipua vyenyewe moto usipopita, kwa hiyo kazi ni kulinda moto. Familia za mpunga zipewe sehemu ya shamba la koperative lililopumzika, nyuma ya michikichi, misimu miwili bila malipo, na kipande kile cha ufuoni kwa mboga. Familia tatu zilikubali. Ya nne ilikataa. Ni yule baba aliyesugua udongo mwekundu. Alisema: "Ile udongo ya yulu ni mubaya, niliona na macho. Lakini munanipa shamba la kuazima. Msitu ni wa babu yenu, si wa babu yangu." Familia yake ilikuja Ubwari wakati wa vita. Hakuna aliyekuwa na jibu zuri, na mimi sina. Shefu alisema atamsikiliza peke yake.

Kwa koperative zinazotaka kujaribu: nendeni mwisho wa mvua, na tena mwezi wa nane mwishoni, moto ukiisha kupita na kabla ya msimu A. Mwenye nguvu aende pia siku ya mvua kubwa ya mwezi wa kumi na moja, aone maji yanapita wapi hasa; siku hiyo moja inafundisha kuliko mimi. Wasiende wanakamati tu. Lazima wawemo wamama, na wenye mashamba ya pembeni kabisa, na hata mmoja ao wawili wa wale wanaokata makala. Mmoja aandike. Bebeni jembe, panga, kamba, maji. Shirika letu halitalipa posho kwa matembezi haya, na kama shirika jingine likilipa, mtaona wanakuja watu wa posho, wanatembea haraka, wanatia sahihi.

Hawa wa Ubwari wamekwisha kupanga mzunguko wa pili, mwezi wa nane. Watazunguka kinyume, waanzie kwa wavuvi na kwa jirani asubuhi, wamalizie kwa muhogo, maana safari ya kwanza walifika kwenye migomba wamechoka na nusu yao walikuwa wameketi.